Maharagwe Yaliyotakiwa Kukaa na Kiu

Mtaa mzima ulimwita Bibi Pasi, naye aliitika bila kinyongo. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wawili, meza ndefu ya mbao, na pasi ya mkaa yenye jogoo wa shaba kwenye komeo. Watoto walikuwa wadogo na meza haikuwa ya kuuzika, kwa hiyo akaanza na pasi. Akapiga pasi nguo za jirani, jirani akamwambia shoga yake, shoga akaleta mashuka, na tangu hapo mkaa haukuzimika isipokuwa siku ya ibada. Watoto wakakua, wakasoma, wakaondoka. Binti alikwenda kuuza vitambaa upande wa pili wa mji. Mtoto wa kiume akawa fundi wa zege, na zege likampeleka mbali, kwenye daraja ambalo kila alipopiga simu alisema linakaribia kwisha.

Pasi ya umeme alikuwa nayo. Mwanawe alimletea likizo moja, ikiwa kwenye boksi lake. Bibi Pasi aliipokea kwa mikono miwili, akaiombea baraka, akaifunga kwenye taulo na kuipandisha juu ya kabati. Alisema umeme hauna adabu kwenye kola.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kila nguo iliyopita mezani alimwombea mwenye nayo, kimoyomoyo, huku mkono unakwenda. Shati la karani aliliombea subira. Sare ya muuguzi aliiombea miguu, maana muuguzi hashindi amekaa. Suruali za fundi magari mmoja, kwa hali aliyozikuta nayo, aliziombea mara mbili. Nguo ikiwa kavu sana aliinyunyizia maji kwa chupa ya plastiki ambayo kifuniko chake alikitoboa kwa msumari wa moto. Chupa hiyo haikutoka mkononi mwake. Hata akienda mlangoni kumpokea mteja, alikwenda nayo.

Nyumba ilikuwa na watu watatu: yeye, mkwe wake, yaani mke wa yule fundi wa zege, na mjukuu wa kike ambaye walimwita Bosi kwa sababu akisema hivi, inakuwa hivi. Bosi alikuwa bado hajafika umri wa kufunga vifungo vyake mwenyewe.

Mkwe alikuwa anasoma chuo, mwendo wa miguu kutoka nyumbani, ukipita stendi na duka la dawa. Alisomea kazi ya maabara. Masomo mengine yote yalimkubali, lakini biolojia ya mwaka wa kwanza ilikuwa imeshamwangusha mara moja, muhula ambao Bosi aliugua kifua na mama mtu akaingia kwenye mtihani akiwa hajalala. Chuo kilimruhusu kurudia. Kurudia ni mara moja tu. Akianguka tena, anafunga virago.

Na mumewe alishasema kwenye simu avipeleke wapi hivyo virago.

"Ukianguka usilie," alisema. "Njoo huku na mtoto. Nyumba ya kampuni ina vyumba viwili. Kimoja nalala, kingine nimeweka baiskeli."

Alisema kwa mapenzi, na mkwe alicheka. Bibi Pasi, aliyekuwa anapepea mkaa karibu na simu, hakucheka. Alikuwa amewahi kukaa katika nyumba yake peke yake, baada ya watoto kuondoka na kabla mkwe hajaja. Alikuwa akipika chungu kidogo na bado chakula kinabaki. Jioni hiyo alivua kitambaa cha kazi, akavuta kiti, akasema, "Lete maswali ya hiyo biolojia. Mimi nitakuuliza."

"Mama, utayajua majibu?"

"Sitayajua. Nitakuangalia wewe."

Ndivyo walivyoanza. Bibi Pasi alikuwa ameishia shule ya msingi, lakini kusoma alisoma, tena kwa sauti nzito, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Alishika karatasi ya maswali ya nyumbani, mkwe akatembea huku na huku na Bosi begani. Kwa kuwa majibu hakuyajua, Bibi Pasi alisahihisha kwa kutazama mikono. Jibu likitoka na mikono imetulia, alitia alama ya vema. Mikono ikianza kuzungukazunguka hewani, alitia mkasi, ile alama ya kosa.

"Swali la kwanza. Taja tofauti kati ya seli ya mmea na seli ya mnyama."

"Ya mmea ina ukuta. Ya mnyama haina ukuta, ina utando tu."

"Sisi hatuna ukuta?"

"Hatuna, mama."

"Ndiyo maana," alisema Bibi Pasi, akatia vema. Ndiyo maana ya nini, hakueleza.

"La pili. Kwa nini seli hugawanyika badala ya kuendelea kukua tu?"

"Ikiwa kubwa mno, chakula kinachelewa kufika katikati, na taka zinachelewa kutoka."

"Kama nyumba ya mjomba wako pale kona."

"Mama!"

"Nauliza tu. Vema. La tatu. Je, kirusi ni kiumbe hai? Eleza."

Mkwe akainua mkono mmoja hewani. "Kwa upande mmoja, kirusi kinazaliana. Kwa upande mwingine, hakiwezi kuzaliana mpaka kiingie ndani ya..."

"Mikono."

"Swali lenyewe ndivyo lilivyo, mama! Hata wataalamu wanabishana."

"Basi andika Mungu ndiye ajuaye."

"Mwalimu hatoi alama kwa hilo."

"Hatoi?" Bibi Pasi aliinua macho, akaona mkwe hatanii, akatia mkasi na kuendelea.

Siku nyingine swali liliuliza mti mkubwa unapata wapi sehemu kubwa ya uzito wake. Mkwe akajibu, mikono imetulia kabisa, kwamba unapata hewani, kutoka kwenye ile hewa ya ukaa, na maji kidogo. Bibi Pasi alitazama meza yake ya mbao. Akaibonyeza kwa kiganja.

"Hii ni hewa?"

"Kwa sehemu kubwa."

Kwa muda wa juma zima alikuwa akiiweka pasi juu yake polepole.

Swali lililoleta mambo lilikuja baadaye kidogo, nalo lilikuwa fupi: mbegu kavu iliyokaa ghalani, je, ni hai au imekufa?

"Ni hai," alisema mkwe. "Imelala tu. Inapumua kidogo mno, huwezi kujua. Inasubiri maji."

"Inasubiri."

"Ndiyo."

"Na yasipokuja?"

"Itasubiri mpaka ichoke, mama. Ndiyo inakufa."

Bibi Pasi alitia vema, akainuka kwenda jikoni. Kwenye kona palikuwa na mfuko wa maharagwe, umefungwa kwa uzi. Alisimama mbele yake kwa kitambo. Alikuwa amepika maharagwe maisha yake yote na hakuna aliyekuwa amemwambia. Aliomba msamaha kwa yaliyopita, akachota ya kesho, akayaloweka. Watu lazima wale.

Mambo yangeishia hapo kama mwalimu wa biolojia asingewapa kazi ya kufanyia nyumbani. Kila mwanafunzi aoteshe maharagwe kwenye pamba, katika makopo matatu. La kwanza lipate maji na mwanga. La pili lipate maji, likae gizani. La tatu lipate mwanga, lisipate maji hata tone. Baada ya hapo asimame mbele ya darasa aeleze alichokiona na kwa nini. Kazi hiyo ilikuwa na alama nyingi, kiasi kwamba mtu akiikosa, mtihani peke yake haumwokoi.

Mkwe alifanya kila kitu kwa uangalifu. Kopo la gizani aliliingiza kabatini. Mengine mawili aliyapanga dirishani, juu ya meza ya kupigia pasi, kwa sababu dirisha hilo ndilo lililokuwa na jua. Akabandika vikaratasi. Akamwita mama mkwe na Bosi, akawasimamisha mbele ya makopo.

"Naomba mtu asiyaguse. Hili nalitia maji mimi. Hili halitiwi."

"Halitiwi kabisa?" aliuliza Bibi Pasi.

"Kabisa."

"Limekosa nini?"

"Halijakosa kitu, mama. Ni la kulinganishia."

Siku za mwanzo Bibi Pasi alijitahidi. Alipiga pasi na uso ameuelekeza kwenye nguo. Lakini dirisha lilikuwa mbele yake, na kila asubuhi mkwe alikuja na kikombe, akalinywesha kopo la kwanza mpaka pamba ikavimba, kisha akaenda zake chuo. Na hapohapo pembeni, bega kwa bega, lilikaa lile jingine, kavu, linaangalia. Kama angelificha huko kabatini pengine ingekuwa nafuu. Lakini kumnywesha mmoja mbele ya mwenzake! Hata Bosi akipewa biskuti mbele ya mtoto wa watu, huvunjiwa agawe.

Asubuhi moja, alipomaliza sala yake na kuchukua chupa ili anyunyizie shati la karani, mkono ulipita juu ya shati ukaendelea mpaka dirishani. Ulinyunyiza kidogo tu, kiasi cha mtu kulowesha midomo.

"Pole," alisema.

Hakuona kwamba amevunja agizo. Mkwe alisema lisiguswe, na yeye hakuligusa. Mkwe alisema halitiwi maji, na ni kweli, mkwe alikuwa amekatazwa na mwalimu wake. Bibi Pasi hakuwa amekatazwa na mwalimu yeyote. Kwa mpango huo akawa kila akimaliza sala anapita dirishani, anasema pole, anarudi kwenye kazi.

Maharagwe yalifanya yaliyokuwa yakisubiriwa. Mkwe alirudi jioni moja akapiga kelele mpaka Bosi akajificha chini ya meza.

"Mama! Mama, njoo uone! Yamechipua! Yale makavu!"

Bibi Pasi alikuja. Aliona vichwa viwili vyeupe vimechungulia kwenye pamba. Moyo wake ulifurahi, kisha akaona uso wa mkwe, moyo ukasita.

"Haiwezekani," mkwe alikuwa anasema. "Hayana maji. Yametoa wapi maji?" Akazunguka chumba. Akagusa dirisha, akagusa ukuta. Kisha akatazama meza, mkaa, na rundo la mashuka mabichi yaliyokuwa yanangoja, na macho yakamtoka. "Mvuke!"

"Mvuke?"

"Mvuke wa pasi, mama! Unapopiga nguo mbichi mvuke unapanda. Dirisha liko juu ya meza. Mvuke unagonga kioo, unapoa, unadondoka kwenye kopo!" Alichukua kioo cha kujitazamia, akakishika juu ya shuka, akamwomba mama mkwe apige. Kioo kikaingia ukungu. Mkwe aliruka kama aliyepata kazi. "Umeona? Umeona? Hakuna mwanafunzi atakayekuwa na kitu kama hiki. Wote watasema kavu halikuota. Mimi nitasema limeota na sababu ninayo!"

"Mvuke unaweza mambo," alisema Bibi Pasi.

Hilo lilikuwa kweli, na kwa mtu wa pasi lilikuwa kweli zaidi. Alijikumbusha jambo hilo jioni yote, huku mkwe akichora mishale ya mvuke kwenye karatasi kubwa na kuimba. Hakuwa amewahi kumsikia akiimba kwa ajili ya biolojia. Alifungua kinywa mara kadhaa, kila mara akauliza kama chai imetosha sukari.

Asubuhi mkwe aliondoka na karatasi yake imekunjwa kwapani, amevaa blauzi aliyopigiwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama. Bibi Pasi akawasha mkaa. Akatandika shati la karani, akaanza kuliombea subira, akaendelea kuliombea muda mrefu kuliko kawaida, mpaka akagundua kwamba anamwombea karani ili asimwombee mkwe. Aliposema jina la mkwe moyoni, maneno hayakuendelea. Alijaribu sare ya muuguzi, nayo ikawa hivyohivyo.

Akafunika mkaa kwa majivu. Akamfunga Bosi mgongoni, akatoka.

Kwenye geti la chuo mlinzi alimsimamisha. "Shikamoo, mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Biolojia."

"Wewe ni mwanafunzi?"

"Mimi ni sehemu ya jaribio."

Mlinzi alimtazama yeye, akamtazama Bosi, akafungua geti.

Darasa lilikuwa na picha ya mtu asiye na ngozi ukutani. Wanafunzi walikaa kwenye stuli ndefu. Mbele kabisa alisimama mkwe na karatasi yake ya mishale, na pembeni mwalimu, mwanamume mwembamba wa miwani. Mkono mmoja wa shati lake ulikuwa na mikunjo miwili. Bibi Pasi aliiona kabla ya kuona kitu kingine chochote, akamwombea aliyempigia.

"Kwa hiyo," mwalimu alikuwa anasema, "unadai ni mvuke wa pasi."

"Ndiyo, mwalimu. Nimethibitisha kwa kioo."

"Hodi," alisema Bibi Pasi mlangoni.

Vichwa vyote viligeuka. Mkwe alishusha karatasi.

"Karibu, mama," alisema mwalimu. "Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu. Mimi ndiye huo mvuke."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja alicheka mpaka akateleza kwenye stuli. Bosi, kwa kuwa alipenda kelele, akapiga makofi. Mwalimu hakucheka. Alikuja karibu.

"Ulitia maji?"

"Nilinyunyiza."

"Kiasi gani?"

"Kama cha kola."

"Mara ngapi?"

"Kila nikimaliza sala."

"Na kwa nini, mama?"

"Lilikuwa linamwangalia mwenzake anakunywa."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha. "Mama, kopo lile kazi yake ni kukaa na kiu. Likikaa na kiu, lile jingine ndipo linatuambia kitu. Ukilinyunyizia, yote mawili yanakaa kimya."

Bibi Pasi alifikiri. Hakuwa ameelezwa hivyo. "Kwa hiyo nimelinyamazisha na lile la kwanza?"

"Na lile la kwanza."

"Nisamehe, mwalimu."

"Usijali." Akamgeukia mkwe. "Na wewe, kabla ya kuchora mishale, uliuliza nyumbani kama kuna mtu aliyetia maji?"

Mkwe alitazama sakafu. "Sikuuliza."

"Kwa nini?"

"Mvuke ulikuwa mzuri."

"Alama nitakukatia hapo," alisema mwalimu, kwa sauti ileile ya kawaida. "Utaanza upya. Ulete kabla ya mtihani. Jaribio likiharibika tena nitaandika sifuri, na unajua hesabu yake."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Duka la dawa likapita, stendi ikapita. Bosi alitaka kubebwa na mama yake, akabebwa, akataka kurudi kwa bibi, akarudishwa. Mkwe aliongea walipokwisha kufunga mlango.

"Ungeniambia jana, mama."

"Jana ulikuwa unaimba."

"Ungenikatiza. Wamenicheka."

"Wamenicheka mimi, mwanangu."

"Wewe umerudi nyumbani, mama. Mimi kesho narudi darasani."

Bibi Pasi alikwenda akampikia chakula anachokipenda, na mkwe alikula, akasema asante, akaingia chumbani na kitabu. Karatasi ya maswali ilikaa mezani jioni yote bila mtu wa kuuliza.

Asubuhi makopo mapya yalikuwa dirishani. Mkwe alisimama mbele yake na safari hii sauti ilikuwa ndogo.

"Mama, utaniahidi?"

Mtu mwingine angeahidi. Bibi Pasi alikaa kitini, akaifikiria ahadi hiyo kama anavyolichunguza shati kabla ya kulipiga pasi, mbele na nyuma.

"Akili inaahidi," alisema mwisho. "Mkono siujui. Ukishashika chupa unakwenda wenyewe. Nami siwezi kukuahidi kwa niaba ya mkono, nikawa mwongo."

"Tuyahamishe basi. Tuyaweke chumbani kwangu."

"Nitajua yako huko."

"Nitafunga mlango."

"Nitajua yamefungiwa." Aliinuka kitini. "Nitaondoka mimi. Nakwenda kwa wifi yako mpaka umalize."

"Mama, si lazima."

"Ni lazima au si lazima?"

Mkwe alitazama makopo, akamtazama mama mkwe. Mikono yake ilikuwa imetulia. "Ni lazima kidogo," alisema.

Basi Bibi Pasi akafungasha. Alichukua nguo zake, pasi yake na chupa yake, akasema mkwe amlete Bosi huko kila akiwa na kipindi. Binti yake, muuza vitambaa, alimfungulia mlango akaona pasi kwanza.

"Mama! Umefukuzwa?"

"Nimejihamisha."

"Kwa sababu gani?"

"Maharagwe."

Binti alikaa chini. Alielezwa yote, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akakasirika, maana ndivyo alivyoumbwa. "Watu watasema nini? Mama mkwe kafukuzwa nyumbani kwake na kopo la maharagwe!"

"Waseme maharagwe. Wasimtaje mkwe wangu."

Lakini walimtaja. Wateja walikuja na nguo, wakakuta meza tupu na dirisha lenye makopo. Karani aliuliza, muuguzi akauliza, na bombani wanawake hawakuuliza, walishajua. Siku moja mkwe alikuja kumleta Bosi, macho mekundu.

"Mama, mtaani wanasema nimekufukuza."

"Waambie ni jaribio."

"Nimewaambia. Ndiyo wamezidi! Fundi magari amekataa salamu yangu. Rudi nyumbani, mama. Rudi leo."

Wifi mtu, aliyekuwa anapima kitambaa, akadakia, "Si nilisema? Mimi nilisema!"

"Wewe pima kitambaa," alisema Bibi Pasi. Akamkalisha mkwe kwenye mkeka. Alitaka sana kurudi. Kitanda cha kwa binti kilikuwa na bonde katikati, na mkaa wa huko ulitoa moshi. "Yale makavu yana hali gani?"

Mkwe alisita. "Yako vilevile. Yamesinyaa kidogo."

Bibi Pasi alifumba macho, akayafumbua.

"Umeona?" alisema. "Umeniambia tu, mkono umeshaanza kuwasha. Sirudi."

"Na maneno ya watu?"

"Maneno ya watu yatakwisha. Ukipata sifuri utakwenda darajani na mtoto, nami nitabaki na pasi. Hayo hayatakwisha." Alisema bila kumtazama, huku anamfunga Bosi kifungo kilichofunguka. "Kwa hiyo acha waseme. Mimi nilicheza na makopo yako ukachekwa. Na wewe vumilia kidogo, nami nivumilie."

Mkwe alifungua mkoba, akatoa karatasi ya maswali, akamwekea mama mkwe magotini.

Bibi Pasi aliinyoosha kwa kiganja. "Swali la kwanza," alisoma, kwa ile sauti ya msiba. "Eleza maana ya osmosisi."

"Ni maji kupita kwenye utando, kutoka yalipo mengi kwenda yalipo machache."

"Yenyewe? Bila kusukumwa?"

"Yenyewe."

"Hayaangalii nani kakatazwa?"

"Mama."

"Vema," alisema Bibi Pasi, akatia alama.

Kazi ilipokamilika mkwe aliyabeba makopo matatu hadi chuoni, akasimama tena chini ya yule mtu asiye na ngozi, akasema la kwanza limeota likawa kijani, la gizani limeota likawa refu na la njano, na la tatu halikuota. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama mvuke upo darasani leo. Wakacheka. Mkwe alingoja wamalize, akasema mvuke ulihamishwa kwa makusudi, na akaeleza kwa nini. Mwalimu aliandika kitu. Kopo la tatu aliliweka kwenye rafu ya maabara. Bibi Pasi alipoambiwa, aliuliza kama rafu hiyo iko karibu na bomba.

Alirudi nyumbani mchana, akipita bombani makusudi, mkwe kambebea pasi na yeye kambeba Bosi, wanaongea kwa sauti. Fundi magari alitoa salamu. Siku zilizofuata zilikuwa za mtihani. Siku ya mtihani wenyewe Bibi Pasi hakupiga nguo ya mtu. Alipiga shuka moja lake mwenyewe, akalirudia mpaka likataka kuungua.

Majibu yalibandikwa ubaoni. Mkwe alikwenda mwenyewe, akarudi anatembea kawaida, na Bibi Pasi aliyekuwa mlangoni na chupa mkononi akashindwa kumsoma.

"Semea mbali nisianguke."

"Nimepita, mama. Kwa alama ya chini kabisa ya kupita."

"Ile ya chini kabisa ni ya kupita?"

"Ni ya kupita."

Bibi Pasi aliketi kizingitini. Alishukuru kwa midomo bila sauti, muda mrefu, mpaka Bosi akaja kumvuta kitambaa.

Jioni simu ililia. Fundi wa zege alisema daraja linakaribia kwisha. Kisha akauliza kama amwombe meneja funguo za chumba cha pili, au vipi. Mkwe alikuwa anamwogesha Bosi, kwa hiyo mama alijibu.

"Hawaji."

"Nani hawaji?"

"Mkeo na Bosi. Amepita. Wewe ndiye utakuja, likizo."

"Amepita biolojia?" Sauti ya kule ikacheka, kisha ikakatika kidogo, kama mtu anayejifuta uso. "Mpe hongera, mama. Mwambie... Basi mwambie tu hongera. Kwa hiyo sasa amemaliza?"

"Amalize nini? Muhula ujao kuna kemia."

"Kemia ndiyo nini?"

"Sijui bado," alisema Bibi Pasi. "Tunaanza Jumatatu."